Saba Waliotolewa Mstarini

Wimbo wa taifa ulikuwa haujapoa midomoni mwa watoto Direkta Germain, mkuu wa shule, alipoanza kuita majina. Kila aliyeitwa alitoka katika mstari wa darasa la sita, akaenda kusimama ukutani mbele ya shule nzima. Walifika saba.

"Aba batarudia la tano," akatangaza. "Mutihani wa Serikali haiko muchezo."

Mwalimu wao, Madame Colette, hakuwa ameambiwa neno. Aliwafundisha tangu Septemba katika shule hii ya mtaa wa Panda, na sababu aliijua mara moja. Mradi mmoja wa kusaidia shule zenye dhiki ulikuwa umeahidi malipo ya matokeo: wanafunzi wengi walioandikishwa kwa mtihani wakifaulu, direkta na walimu wote watapewa prime, zawadi ya pesa. Waliohesabiwa ni walioandikishwa peke yao. Basi njia ya mkato ilikuwa wazi: asiyeelekea kufaulu, asiandikishwe.

Colette alivuka uwanja akasimama ukutani pamoja nao.

"Madame, rudia ku classe," Germain akasema.

"Classe yangu njo hii."

Haikusaidia. Watoto walipelekwa darasa la tano, chumba kilichotengwa na cha Colette kwa mbao nyembamba, kiasi cha kusikia kikohozi cha upande wa pili. Ijumaa ajenti wa mradi angekuja kukagua. Akishaondoka, orodha ya mtihani ingefungwa.

Katika chumba cha walimu Jean-Luc alikuwa akimngoja. Kijana huyu alifundisha mwaka baada ya mwaka bila jina lake kuingia katika mishahara ya Serikali, na tangu elimu ya bure itangazwe, hata mchango wa wazazi hakuuona tena.

"Mama Colette, nakuomba. Ajenti akikuuliza, nyamaza tu."

"Na batoto?"

"Batarudia mwaka, habatakufa. Minye bibi yangu iko na mimba. Weye unakamata mushahara. Minye nakamata nini? Merci?"

Walimu wengine wakacheka kicheko kisicho na furaha. Colette alijua kijana alisema kweli, na hapo ndipo palipomuuma: walimu wenye njaa walikuwa wamewekwa kugombana na watoto juu ya sahani moja.

Ijumaa ajenti akaingia darasani, mtu mzima mpole aliyeitwa Adolphe. Germain alisimama nyuma yake, shati limemganda mgongoni. Adolphe akawauliza watoto hesabu ya kichwa: mikate mia moja na ishirini, familia nane, kila familia itapata mingapi?

Watoto wakaanza kuhesabu.

Darasani kwa Colette hawakuwa na desturi ya kuinua kidole. Mwenye jibu alilitoa kwa sauti, maana mwalimu huwaambia kila siku kwamba kosa lililosemwa hurekebishwa, lililofichwa huoza. Na sasa, kutoka nyuma ya mbao, sauti ya msichana ikapaa:

"Kumi na ine, Madame!"

Darasa zima likaangua kicheko. Adolphe akageuka. "Nani huyo?"

"Wa la tano, Monsieur," Germain akawahi. "Batoto ba fujo."

"Wa la tano anajibu Madame wa la sita?" Akamkazia macho Colette. "Madame, huyu mutoto iko wa nani?"

Dirishani Jean-Luc alikuwa amesimama, akitikisa kichwa polepole. Colette alimwona.

"Iko wangu," akasema. "Anaitwa Shekina. Amekosa kwa moja tu. Mu Septemba alikuwa anahesabia ku vidole. Na iko bengine sita kule. Balibatosha mu la sita, juu eti bataharibu prime."

"Madame Colette! Unatuua!" Germain akafoka.

Adolphe aliinamisha uso. "Ku mashule mingi njo vile," akasema kwa sauti ya chini. "Bananyamaza, minye naandika yenye naona. Lakini hii nimesikia mbele ya darasa nzima. Direkta, kamata kalamu. Andika bote saba."

Germain akaandika.

Wote saba walifanya mtihani. Wawili wakafaulu, Shekina hakuwa mmoja wao. Kiwango cha kufaulu cha shule kikashuka chini ya mpaka uliowekwa na mradi, na prime haikumfikia yeyote. Jean-Luc hamsalimii Colette hadi leo.

Nyinyi mliotunga kanuni hii ya prime, msijifiche nyuma ya Germain; yeye aliisoma tu kama ilivyoandikwa. Wahesabuni watoto wote walioanza mwaka, si waliosazwa siku ya kufunga orodha. Pimeni mtoto alikotoka na alikofika. Nanyi wa Serikali, mlipeni Jean-Luc mshahara kabla mtu hajamtega kwa zawadi. Na prime mliyowanyima walimu wa shule hii kwa sababu mmoja wao alisema kweli, ileteni, kabla kengele ya Septemba haijalia.