Kibano cha Shaba

Watu wakisikia fulani kaajiriwa maabara ya fizikia, hudhani ana vyeti vya kujaza sanduku. Mama Sekunde hakuwa navyo. Alikuwa na kibano cha shaba, dira ndogo ya kukaa kiganjani, kigoda cha futi moja na nusu, na ulimi ambao mumewe alisema unakata bati. Vitatu vya kwanza aliachiwa na baba yake, fundi saa. Ulimi ni wa kwa shangazi zake.

Jina la Sekunde alilipata kibandani kwake, chini ya ngazi za jengo la posta, alikotengeneza saa za watu kwa miaka ishirini na mmoja. Akikwambia njoo Alhamisi saa nne, usimjie saa nne na nusu ukategemea kuchekewa. Kisha simu zikaingia, kila mtu akawa na saa mfukoni, na kazi ikakauka. Siku moja akaja kijana mrefu na saa ya marehemu babu yake. Alisimama akimtazama Mama Sekunde akirudisha mahali pake ile springi ndogo iitwayo kamani, nyembamba kama unywele, huku amebana pumzi, mpaka akasahau kilichomleta.

"Mama," alisema yule kijana, "unaweza kufunga nyuzi nne kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mtama?"

"Kinakimbia?"

"Hapana."

"Basi naweza."

Kijana alikuwa profesa. Tangu siku hiyo mpaka tunapoianza habari hii imepita miaka kumi na moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Profesa alipika madini tanurini kwa siku nyingi, na ndani ya chungu zikaota fuwele ndogo za kijivu zenye kumetameta. Mama Sekunde alizipokea, akaziweka chini ya hadubini, akabandika juu ya kila moja nyuzi nne za dhahabu kwa tone la gundi ya fedha. Mbili zilipitisha umeme, mbili zilipima. Halafu fuwele ikashushwa kwenye mtungi wa kupozea, kwenye baridi ambayo barafu ukiilinganisha nayo ni uji wa moto.

Walichokuwa wakikitafuta aliwahi kumweleza mumewe, fundi bomba, walipokuwa wakimenya viazi.

"Umeme ni umati wa elektroni. Kwenye waya wa kawaida zinagongana njiani, ndiyo maana waya unapata moto. Sasa kuna madini ukiyapoza sana, elektroni zinashikana mbilimbili, na zikishashikana hazigongi kitu. Umeme unapita, haupotei hata kidogo."

"Na sumaku inaingiaje?"

"Sumaku ni fitina. Jozi za kawaida, mmoja anatazama juu, mwenzake chini. Sumaku inataka wote watazame upande mmoja. Ndoa inavunjika."

"Kwa hiyo mnatafuta nini?"

"Madini ambayo ndoa na fitina vinakaa nyumba moja na hakuna anayehama. Profesa anasema kuna madini elektroni zake zimebanana mno, haiendi moja bila nyingine kujua. Humo jozi zinaweza kufungwa kwa namna nyingine, wote wakatazama upande mmoja, na sumaku ikakosa la kuharibu."

Mumewe alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mnapoteza muda maabara. Nendeni mkapime kwa dada yangu!"

Mwaka wa kumi na moja walikipata. Fuwele namba mia nne na sita ilionyesha usumaku, na baridi ilipozidi, ukinzani wa umeme ukashuka mpaka sifuri, usumaku ukiwa palepale. Profesa alikimbia ukumbini na kiatu kimoja. Lakini hakuwa mpumbavu. Kabla ya kuutangazia ulimwengu, alimwita mtu wa kuja kumtilia shaka.

Mgeni huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kamba na sauti ya chini isiyorudia neno. Wanasayansi walimwita Bibi Sumaku, kwa kunong'ona. Alikaa na grafu za Profesa asubuhi nzima bila kugusa chai. Mwishoni akaweka kidole juu ya moja.

"Hapa ni joto la chumbani. Fuwele hii ikiwa na joto haipaswi kuwa na usumaku hata chembe. Mbona upo?"

"Ni kidogo sana," Profesa alisema.

"Kidogo cha chuma. Mtu ameishika kwa kibano cha chuma, kikaacha vumbi lake. Na kama hapa kuna chuma, usumaku wenu wa kwenye baridi nao unaweza kuwa chuma hichohicho. Nimeona watu wakishangilia uchafu." Akavua miwani. "Nani anashika sampuli hapa?"

Macho ndiyo yaliyojibu, na yote yalikwenda kwenye kigoda.

Sasa, ukitaka kumtukana fundi saa, usimtukane mama yake. Mwambie vifaa vyake vina usumaku. Kamani ya saa ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandana na saa ikaanza kukimbia. Ndiyo maana baba yake Mama Sekunde alikuwa na sheria moja: kabla kifaa hakijagusa saa, kipite mbele ya dira. Mshale ukitikisika, kifaa hicho kinakwenda kapuni. Kila asubuhi kwa miaka kumi na moja Mama Sekunde alivipitisha vyake, na vijana wa maabara wakamcheka kila asubuhi.

Alisimama, akaweka dira mezani, akakisogeza kibano cha shaba. Mshale ulitulia. Akapitisha sindano, visahani, kila alichokuwa nacho. Mshale ukatulia vilevile.

"Leo ni safi," mgeni alisema, wala si kwa ubaya. "Mwezi uliopita je?"

Alivipima kila asubuhi, lakini hakuwa ameandika popote. Profesa alikuna shingo. "Mama, labda upumzike kidogo na sampuli. Mpaka tujue."

Ilimuuma. Aliona haya, mwanamke ambaye haya zilikuwa hazijui njia ya kwake, na haya zilipogeuka hasira akajiona angalau yuko nyumbani. Akaitazama saa ya mkononi ya mgeni, saa nzuri ya kamani, kisha saa ya ukutani.

"Saa yako inakimbia dakika tisa."

"Huwa inakimbia. Naisahihisha kila asubuhi."

"Haiumwi. Imeshikwa na sumaku, huko kazini kwako. Kweli mganga hajigangi."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Mgeni alivaa miwani yake. "Saa yangu siyo mada," alisema, na mada ikabaki palepale.

Jioni mumewe alimkuta anaosha sahani ambazo alikwisha kuziosha. "Nani kakuudhi?" Akaelezwa yote. Kwamba kama uchafu ni wake, kazi ya miaka kumi na moja inaingia shaka, sampuli zote, si hiyo moja tu. Kwamba hatakaa tena kwenye kigoda cha baba yake akiwa mtu ambaye mikono yake inaulizwa.

Mumewe alijikuna kidevu. "Wiki jana mteja kanifokea maji yanatoka na kutu. Eti bomba nililofunga bovu. Bomba jipya! Nikapanda juu kwenye tangi, nikakuta kifuniko kimeoza kinadondokea ndani. Mke wangu, lawama siku zote iko bombani, kwa sababu ndipo watu wanapokinga ndoo."

Sahani ikabaki hewani. "Kabla yangu mimi, nani anaigusa fuwele?"

"Nitajuaje? Mimi wa bomba."

Asubuhi alifika kabla ya watu, akaingia chumba cha tanuri na dira yake. Akaipitisha mbele ya visahani vya kauri, nyundo ya mbao, brashi, chupa. Hakuna kitu. Kwenye rafu kulikuwa na kopo la peremende, na ndani ya kopo wembe mzee, umejaa mapengo. Kila mtu aliujua. Ulikuwa wembe wa bahati wa Profesa, wa kupasulia fuwele zikitoka chunguni, na alikataza usitupwe. Mama Sekunde hakuwahi kuupima, kwa vile chumba hicho hakikuwa chake.

Aliusogeza. Mshale ukazunguka wote, ukaugeukia wembe kama mbuzi aliyeona majani.

Akakaa chini. Ungekuwa wembe wa mtu mwingine ingekuwa rahisi. Profesa ndiye aliyemtoa chini ya ngazi wakati mji mzima umeisahau kazi yake. Akinyamaza, jina lake yeye linabaki chafu. Akisema, linachafuka la Profesa, tena mbele ya mgeni anayeogopwa na wote. Alifikiri kwa muda usiotosha kuchemsha chai, kwani kumung'unya maneno hakukuwa katika desturi zake.

Profesa alipoingia, alimwambia, "Lete mkono." Akamwekea dira kiganjani, kisha akausogeza wembe.

Profesa aliutazama mshale. Akauondoa wembe, akaurudisha, mshale ukaufuata. "Nimekuwa nao tangu nikiwa mwanafunzi," alisema taratibu.

"Mwanangu," alisema Mama Sekunde, na hakuwahi kumwita hivyo kazini, "ungenionyesha siku ya kwanza, ningeutupa chooni."

"Nikimwambia, anaweza kuondoka leo na kusema kazi yetu yote ni takataka."

"Na usipomwambia?"

Profesa aliurudisha wembe kwenye kopo la peremende. Kisha akaunyoosha mgongo. "Mkubwa ni jalala. Twende."

Alisema mbele ya wote, bila kuzungukazunguka, kwamba chuma ni chake na mikono ya Mama Sekunde ni safi. Bibi Sumaku alisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri. Sasa tunajua chuma kimetoka wapi," alisema. "Bado hatujui kama kuna kitu zaidi ya chuma."

"Basi tuioshe," Mama Sekunde alisema.

Profesa aliitia ile mia nne na sita kwenye tindikali nyepesi, ya kula chuma na kuiacha fuwele. Ilitoka imekonda, nyuzi zake zimeng'oka. Sasa ilikuwa nyembamba mno, na hakukuwa na nyingine nzuri kama hiyo. Ikivunjika, ni kupika upya kwa miezi. Mama Sekunde akavuta kigoda. Mgeni akaomba kutazama kwa jicho la pili la hadubini, watu wengine wakazunguka nyuma.

Uzi wa kwanza ukalala, na wa pili pia. Wa tatu ukaruka na kupotea. Mama Sekunde aliweka kibano chini, akanyoosha vidole kimoja kimoja.

"Anayetaka kupumua akapumulie nje," alisema.

Watu wanne wakatoka. Mgeni alibaki, kabana pumzi kweli. Uzi wa tatu ukalala. Wa nne aliuweka kwa mkupuo mmoja, kabla mkono haujapata nafasi ya kuogopa.

Kupoza kulichukua siku moja na nusu. Mchana wa siku ya pili wote walikuwa mbele ya kioo cha kompyuta. Mstari wa usumaku wa joto la chumbani ulikwisha kupita, umelala kwenye sifuri. Chuma hakikuwepo. Mgeni alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Endeleeni."

Joto likashuka. Nyuzijoto thelathini juu ya baridi ya mwisho kabisa, kimya. Ishirini, kimya. Profesa aliacha kukaa. Zilipobaki nane, mstari wa usumaku uliinuka, ukapanda wima bila msaada wa chuma chochote. Mgeni naye akaacha kukaa. Baridi ikazidi. Chini ya nyuzijoto moja, mstari wa ukinzani ulianza kuinama, ukaporomoka, ukafika sifuri, ukabaki huko. Na usumaku ulikuwa bado upo juu, haujahama.

Profesa alipiga kelele kama mtu aliyeunguzwa. Mwingine akapiga ndoo teke. Mama Sekunde alicheka kwa sauti, akalia, akacheka tena, wala hakujali nani anamwona.

"Vinakaa pamoja," Bibi Sumaku alisema, sauti yake kwa mara ya kwanza imepanda.

"Nyumba moja," alisema Mama Sekunde.

Mgeni alimtazama. Kisha akafungua mkanda wa saa yake, akaiweka juu ya meza. "Hii itakuwa tayari lini?"

"Njoo kesho saa nne."

"Saa nne kamili?"

"Usiniletee na nusu."

Makala ilipotoka, jina la Mama Sekunde lilikuwa la tatu, jina lake kamili na la baba yake likifuata. Mumewe aliisoma yote bila kuelewa, mpaka alipofika ukurasa wa pili, palipoandikwa kwamba fuwele, baada ya kuoshwa, ilishikwa kwa kibano cha shaba, na kila kifaa kilipimwa kwa dira kabla ya kutumika. Hapo alielewa. Aliwasomea majirani, akamsomea dada yake kwa simu mara mbili.

Siku hizi pale mlangoni mwa maabara kuna meza ndogo, na juu yake ile dira. Hakuna anayeingia na kifaa bila kukipitisha, na Profesa ndiye wa kwanza kila asubuhi, mifuko kaitoa nje. Hakuna anayecheka.

Miezi sita baadaye Bibi Sumaku alirudi. Alifika saa nne kamili. Mama Sekunde alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Mgeni hakungoja kuambiwa. Alivua saa yake, akaisogeza kwenye dira, na wote wawili wakainama kutazama.

Mshale haukutikisika.

"Karibu ndani," alisema Mama Sekunde.