Kila Ukurasa Upewe Wito Wake

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kila ninapofungua kompyuta, mwanangu. Nitakueleza kwa mpangilio, maana kosa langu lililofichuka siku ile nimeliona jana kwenye kazi yako.

Nilikuwa kijana, nimejifunza peke yangu PHP, lugha ya kuandikia programu, katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi pale Kilindoni. Nikapewa kazi yangu ya kwanza ya maana: mfumo wa boti ya wagonjwa. Nesi wa kisiwani anaandika wito, yaani mgonjwa ni nani, yuko wapi, ana nini. Nahodha aliyeko Utende anapata ujumbe kwenye simu, anaufungua, anasoma, anawasha mashine. Kabla ya hapo Nahodha Shomari alikuwa akipigiwa simu, na hakuondoa boti mpaka arudie kwa sauti: nani, kisiwa gani, nani anamsindikiza. Nilimwambia hayo yamepitwa na wakati, asome ukurasa tu.

Unajua kazi ilivyogawanywa. Kontrola, ile sehemu ya programu inayosimamia ukurasa, hupokea ombi, hutafuta taarifa, kisha huukabidhi ukurasa vigeu vyake, yaani taarifa hizo zikiwa zimepewa majina, ili uvionyeshe. Nilikuwa na kurasa saba, na zote zilihitaji kigeu kimoja: wito. Kukikabidhi mara saba kulinichosha. Nikaandika mahali pamoja kwamba kila ukurasa, kabla haujaonyeshwa, upewe wito wa mwisho kuingia. Mistari mitatu tu. Nilijaribu kwa wito mmoja, ukaonekana kila mahali, nikafurahi. Sikujaribu kwa miwili.

Asubuhi hiyo, saa nne, Nesi Veronika wa Juani aliandika wito wa Mwanahawa: mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri, mtoto hashuki. Dakika chache baadaye ukaingia wito wa Bwejuu, wa mvuvi aliyeingiwa na ndoana kiganjani. Shomari alifungua ujumbe wa kwanza, akaona mvuvi wa Bwejuu. Akafungua wa pili, akaona mvuvi yuleyule. Akadhani mtandao umerudia. Kontrola ilikuwa imetafuta wito sahihi, lakini mistari yangu mitatu ikauondoa na kuweka wa mwisho mahali pake. Shomari akaipa Juani mgongo.

Nesi alimpigia boti ikiwa imeshafika mbali.

"Nahodha, mbona hatukuoni? Bahari inakupwa huku!"

"Nakaribia Bwejuu, nesi. Si ndiko kwenye mgonjwa?"

"Bwejuu? Mgonjwa wangu yuko Juani, baba! Geuza!"

Aligeuza. Alipofika, bahari ilikuwa imeshakupwa na boti haikuweza kusogea pwani. Watu wanne walimbeba Mwanahawa juu ya kitanda cha kamba, tope likiwafika magotini. Mvuvi alikuja mwenyewe kwa mashua ya kwao. Hospitalini Mwanahawa alipasuliwa, akapona. Mtoto aliwekwa kwenye oksijeni siku mbili, na siku mbili hizo sikuweza kula.

Nilimkuta Shomari akiosha tope kwenye boti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi wa kurasa. Haya, leo unanituma wapi? Kilwa?"

Nikaanza kumweleza habari za vigeu. Akanikatiza.

"Hayo kamweleze Mwanahawa. Mimi nikipakia mtu, namjua. Wewe umenipakilia yeyote aliyefika mwisho."

Jioni hiyo nilikwenda wodini. Mtoto alikuwa bado kwenye oksijeni. Nikamwambia Mwanahawa kwamba boti ilichelewa kwa sababu yangu, si ya nahodha.

"Umeshatengeneza?"

"Bado. Nimekuja kwanza kuomba radhi."

"Radhi nimekupa. Dada yangu naye anajifungua mwezi ujao, kulekule Juani. Sasa unakaa hapa kufanya nini?"

Nilirudi dukani nikaifuta ile mistari mitatu. Nikapita kontrola zote saba, moja baada ya nyingine: kila moja itafute wito kwa namba iliyoombwa, iukabidhi kwa ukurasa wake, basi. Ukurasa usiokabidhiwa wito ukatae kufunguka, useme wazi kwamba haukupewa, usijijazie. Nikajaribu kwa miito miwili, kisha mitano, nikiifungua nyuma mbele. Na Shomari nikamwomba arudie kuuliza kwa sauti kama zamani. Mwezi uliofuata boti ilimfuata dada mtu, ikamkuta palepale tulipoandika.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kilicho kimoja kweli kwa kurasa zote, kama jina la mfumo, kishirikishe kote bila hofu. Lakini kilicho cha ombi moja, cha mtu mmoja, kikabidhiwe na kontrola yenyewe, hata kama kazi hiyo itakuchosha. Usiruhusu ukurasa uchukue kitu usichojua kimetoka wapi. Jaribu kwa wawili kabla hujasema kazi imekwisha. Na ukikosea, nenda kwa aliyeumia useme, kisha rudi ukatengeneze siku hiyohiyo.

Mungu akujalie uandike mstari wa mia kwa uangalifu uleule wa mstari wa kwanza, na makosa yako uyaone wewe mezani kwako kabla hayajamfika mtu mwilini. Amina.