Sauti ya Mama Kwenye Sinema

Harufu ya ulezi uliolowekwa kwa ajili ya pombe ilikuwa imetanda uani kwetu, asubuhi ile watu wa sinema walipofika kijijini kwetu Mollo. Kilikuwa kipupwe, upepo wa Ufipa unakata masikio, na sisi watoto tulikuwa tumejibanza ukutani tukiota jua. Walitoka Dar es Salaam na Landrova mbili, wakitafuta mahali pa kupigia picha ya mkulima anayekataa kuhamia kijiji cha ujamaa, mpaka mkewe anapomshawishi. Sisi tulikuwa tumehamishwa kutoka mlimani mwaka uliotangulia, wakaona tunafaa.

Mwigizaji wa kiume walikuja naye. Mke wakamtafuta kwetu, wakamchagua mama yangu. Baba hakupenda, lakini mwenyekiti wa kijiji alimtuliza kwa kumwambia kwamba ni mchezo tu. Mama akawa anakariri huku akipepeta mahindi, kwa lafudhi yake ya Kifipa: "Mume wangu, tuhame. Maisha mapya yanatungoja."

Siku ya kupiga picha walimpeleka mlimani, nusu ya kijiji tukifuata kutazama, kwenye nyumba yetu ya zamani, ambayo nyuma yake tulimzika mdogo wangu Linusi, aliyekufa kwa surua. Mama alisimama mlangoni. Kamera ilipoanza kunguruma, alimtazama yule mwigizaji, akasema taratibu, "Tutahama. Lakini mwanangu yuko hapa nyuma. Nani atampalilia?"

Mwigizaji alisahau maneno yake, akavua kofia. Mwongozaji hakuwakatiza.

"Mama, siyo hayo tuliyokubaliana," alimwambia baadaye kwa upole.

"Najua, mwanangu. Yale mengine yalikataa kutoka."

Mwaka uliofuata gari la sinema lilikuja, wakatundika shuka jeupe ukutani mwa shule. Tulipiga makofi mama alipotokea. Kisha akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya mwanamke mwingine, Kiswahili cha pwani kilichonyooka, ikisifu maisha mapya. Makofi yakakatika. Mama alibaki ametazama shuka, mikono mapajani.

"Sivyo alivyosema," jirani yetu Mama Sabina alisema nyuma yetu. "Alisema, nani atampalilia?"

Mwingine akayarudia maneno hayo, na mwingine. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, hakumkataza mtu.

Jumapili, baada ya misa, mama alichukua jembe. Mama Sabina alimfuata, na baba, na nyumba baada ya nyumba, kwa maana karibu kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyezikwa kule mlimani. Mwenyekiti alitukuta njiani na jembe lake begani. Alikuwa amemwacha mama yake huko.

Siku hizi wajukuu zangu pale Milanzi, ninakoishi sasa, wanarekodiana kwa simu, na kabla chai haijapoa watu wa Dar wameshawasikia, lafudhi na yote. Nafurahi kuwasikiliza. Mama alifariki kabla ya simu hizo. Sura yake huenda ipo mahali fulani kwenye mkanda, inasema kwa sauti ya mtu nisiyemjua. Sauti yake mwenyewe tumebaki nayo wachache tuliokuwepo, na kila mwaka tunapungua.