Nilipoacha Kuosha Maiti

Kwa miaka mingi hapa Ngamiani, mwanamke akifariki niliitwa mimi. Kuosha maiti nilifundishwa na mama yetu, na sikuwahi kuhitaji mtu wa kunielekeza. Nilikuwa mkali. Msaidizi akianza soga nilimnyamazisha pale pale, awe mkwe wa marehemu au nani.

Siku moja, tukimwosha jirani wa mtaa wa nyuma, nilisimama na kata ya maji mkononi nikashindwa kujua kama ubavu wa kushoto nimeshauosha. Sikuwa nimechoka. Palikuwa peupe tu kichwani. Niliona aibu kuuliza, nikaanza upya upande wa kulia. Wenzangu wawili hawakushtuka, maana kuzidisha kunaruhusiwa, na baadaye mmoja akasema nimemwosha marehemu kwa mapenzi. Mapenzi gani. Nilikuwa nimepotea, na maiti wa watu yuko mikononi mwangu.

Nikaenda hospitali bila kumwambia mtu. Daktari, binti mdogo mwenye shikamoo nzuri, alinitajia maneno matatu niyashike, akaniuliza leo ni siku gani, akanichoresha saa. Nikapata yote. Akacheka, akasema kumbukumbu yangu inaishinda yake. Nilikasirika. Nikamwambia sikuja kutafuta sifa. Mimi ndiye ninayeishi humu kichwani na najua kuna kitu kimehama. Hapo akaacha kucheka. Akanipima presha, akaguna, akapima tena mkono wa pili. Alinieleza kwamba ubongo unahitaji damu kila dakika, na presha ikiachwa miaka hukaza vile vijishipa vidogo, damu ikawa inafika kwa kusuasua. Mwenyewe anaweza kulihisi jambo hilo mapema, wakati maswali ya daktari bado hayaoni kitu. Akaniandikia vidonge. Nilimuuliza kama vitarudisha kilichopotea. Akasema hawezi kuniahidi.

Kilichoniuma zaidi ni dada yangu. Alikuwa amehamia kwangu kutoka Mwera, miguu imevimba, moyo umechoka, na sote wawili tulijua kwamba hatarudi. Tangu mama yetu alipofariki, dada alikuwa ameniusia kuwa siku yake ikifika asioshwe na mtu mwingine, niwe mimi. Alikuwa na haya kupita kiasi. Hata mumewe alipokuwa hai, kanga alibadilishia nyuma ya mlango. Nami nilikuwa nimemkubalia zamani, bila hata kufikiri, kama mtu anavyokubali kutumwa chumvi.

Wiki nzima niligombana na nafsi yangu. Ningeweza kunyamaza nikamwosha, na hakuna ambaye angejua. Lakini ningejua mimi, na ningebaki na shaka maisha yangu yote kama dada yangu alizikwa akiwa ametimiziwa haki yake. Basi alasiri moja, nikimkanda miguu, nikamwambia. Nilitegemea atasema ni uzee, kila mtu anasahau. Hakusema hivyo. Aliniuliza:

"Imeanza lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na umelibeba peke yako?"

Nikalia kama mtoto. Anayekufa ni yeye, na ndiye aliyenibembeleza. Kisha akaamua, kama alivyoamua mambo yangu yote tangu utotoni: nimwite mwanafunzi wangu, yule mwanamke wa Mabawa niliyemfundisha mwenyewe, aje aoshe.

"Wewe kaa kichwani kwangu," akasema. "Unishike kichwa tu. Hapo hakuna cha kusahau."

Alifariki Jumatatu asubuhi, chai yake haijapoa. Mwanafunzi wangu alikuja na sanda na karafuu maiti, akafunga pazia, akaanza. Alifuata kila hatua taratibu, vizuri kuliko mimi siku zangu za mwisho, na hilo nalo liliniuma. Nilikaa kwenye kigoda, kichwa cha dada kikiwa viganjani mwangu, kizito, kwenye kisogo bado kina uvuguvugu. Siku zote kazi ndiyo iliyonizuia kulia. Unamimina, unageuza, unahesabu, huna nafasi. Sasa sikuwa na cha kuhesabu. Machozi yakaja, nikainua uso, hayakuzuilika, yakamdondokea kwenye paji.

Mwanafunzi wangu akasimamisha kata. Kwetu machozi hayaachwi kumwangukia maiti. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, na kwa sababu hiyo hiyo nimewahi kuwatoa watoto wa watu mbele ya maiti za mama zao bila huruma.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, naye macho yamemjaa, "nisamehe. Naomba utoke."

Nikatoka. Nyuma ya pazia nilimsikia akimwita mwingine aje akishike kichwa cha dada yangu.