Chungu Kilichosuguliwa

Nikifungua chupa ya chachu niliyobakiza kwenye pombe iliyopita, nainusa kwanza. Ikinukia ndizi mbivu, naitumia tena. Ikichoma pua, namwaga. Huwa sikosei.

Nilipokuwa mdogo, kule Mkunya, shangazi alikuja kututembelea, akakisugua chungu cha pombe cha bibi kwa mchanga na majivu mpaka kikang'aa. Mashapo yote ya chini, ambayo bibi aliyaacha yachachushe pombe ya mtama ya majirani watakaokuja kutupalilia mikorosho, yalikwenda na maji. Bibi hakugomba. Alinipa kibuyu, akanituma kwa mama mmoja ambaye yeye bibi aliwahi kumgawia chachu hiyo hiyo.

"Shikamoo. Shangazi amekisugua chungu, bibi anaomba chachu yake."

"Marahaba. Imo humo ndani, ichague mwenyewe."

Palikuwa na vyungu viwili. Nikainamia cha kwanza, kikanichoma mpaka machozi. Cha pili kilinukia kama ndizi zilizovundikwa zikaiva. Nikakishika.

Yule mama akacheka, akanimiminia nusu tu.

"Iliyobaki inakaa hapa hapa," akasema. "Kwenu mnapenda sana usafi."