Tairi Sita za Baba

Gari alilotuachia baba ni la mizigo, la tairi sita, na kwa njia zetu za Mtambile ni kubwa mno. Mama alikuwa ameshatangulia. Baba alipomfuata tulibaki wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume na wadogo zetu wawili wa kike. Nikaacha skuli, nikashika usukani.

Kazi yangu ni kuchukua ndizi, muhogo na shelisheli mashambani na kuvipeleka bandarini Mkoani. Mzigo wa siku haujazi hata nusu ya bodi, lakini injini haijui hilo. Iwe mikungu kumi au mia, inakunywa dizeli ile ile.

Msimu wa karafuu ndio hunifunga hasa. Watu huanika karafuu juu ya majamvi pande zote mbili za njia, na kwetu hapana mtu anayepitisha gari juu ya karafuu za mwenzake. Siku moja kirikuu, yale magari madogo ya mizigo, ilinitangulia ikapita katikati bila kugusa hata punje. Dereva wake akatoa kichwa dirishani.

"Kaka, meli hiyo umeileta mlimani kufanya nini?"

Nikashuka, nikamwamkia bibi mwenye majamvi, nikamwomba anikunjie moja.

"Moja?" akasema. "Hilo lako lataka majamvi yangu yote na mlango wa nyumba! Ngoja basi, mwanangu, mgongo wangu si wa jana."

Tulikunja pamoja, kisha nikamsaidia kuanika upya. Nilipofika shambani, ndizi zilikuwa zimeshapakiwa na yule wa kirikuu. Mwenye shamba alikuwa akinawa mikono.

"Ulitaka nikungoje mpaka ziive?" akaniuliza.

Kulikuwa na mtu Chake Chake mwenye kirikuu, akitaka gari kubwa la kubebea mchanga, na alikuwa tayari tubadilishane. Ijumaa baada ya alasiri nikawakalisha wadogo zangu barazani. Nikawaeleza kwamba gari dogo litaingia hadi chini ya mgomba, litakwenda Mkoani na kurudi mara mbili kwa mafuta ambayo hili letu huyamaliza kwa safari moja, na sitakosa tena mzigo kwa sababu ya upana. Lakini gari ni mirathi, sikuweza kulitoa peke yangu.

Mdogo wangu wa kiume alikubali upesi, akaanza masihara. "Mafungu yetu sita, tairi sita. Sisi wanaume mbili mbili, nyinyi moja moja. Shehe mwenyewe asingegawa vizuri zaidi!"

Kitinda mimba akacheka, akasema lake tulichukue. Yule wa tatu, anayesoma kidato cha nne, hakucheka.

"Langu halitoki," akasema.

"Tairi moja utaifanyia nini?" akamuuliza yule wa masihara.

"Mama alipozidiwa, baba alimlaza humo nyuma, na mimi nilimshika kichwa mpaka hospitali. Nyinyi mlibaki nyumbani. Nyinyi uzeni yenu."

Sikuwa nikilijua hilo la kichwa. Nilijua tu kwamba walikwenda na kwamba waliorudi walikuwa wawili.

Ningeweza kumshinda. Mimi ndiye mkubwa, ndiye ninayemlisha, na angenyamaza kama nilivyonyamaza mimi nilipotoka skuli. Ndiyo maana sikutaka. Fungu lile si mimi niliyempa, na hoja zangu zote, ambazo hadi leo naona ni za kweli, hazikumgusa.

Nikampigia simu mtu wa Chake.

"Umepata mwengine anayekupa zaidi?" akauliza.

"Hapana. Hatukukubaliana nyumbani."

Akasema kuna mtu wa Makangale naye ana gari kubwa, amekuwa akimsumbua wabadilishane. Nikamwambia kirikuu ampe huyo.