Dobi na Kikombe cha Dawa

Shangazi yangu alifua mashuka ya hoteli kwa miaka thelathini, na hakuna aliyethubutu kumfundisha usafi. Mumewe, seremala mcheshi tuliyemwita Baba Randa, alivuta vumbi la mbao tangu ujana hadi mapafu yakagoma. Hospitali wakampa mashine ndogo ya kuvutia dawa: unatia dawa kwenye kikombe, mashine inaigeuza kuwa ukungu, unaivuta kwa barakoa.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwao, nasomea ualimu. Kila asubuhi mashine ilinguruma sebuleni, na Baba Randa akazungumza ndani ya barakoa maneno ambayo shangazi peke yake aliyaelewa. Akimaliza, shangazi alisugua kikombe na barakoa kwa sabuni mpaka ving'ae, kisha akavifunga upesi kwenye mfuko wa plastiki, visije vikaingia vumbi.

Mwezi wa pili Baba Randa alishikwa na homa, akalazwa siku tisa. Aliporudi, muuguzi alikuja kumtazama. Akaufungua ule mfuko, akaunusa.

"Mama, huwa unaviweka humu vikiwa vimelowa?"

"Vimelowa, lakini visafi. Mimi ni dobi, mwanangu."

"Kuosha unajua, sina neno. Ila vijidudu vinapenda unyevu, na kutoka hapa vinakwenda moja kwa moja kifuani."

Shangazi akavuta kiti, akakaa. Muuguzi alipoondoka nilimsikia akimwambia mumewe, "Kumbe nilikuwa nakuua kwa mkono wangu."

"Basi umenikosa," Baba Randa akajibu. "Itabidi ujaribu tena."

Shangazi alicheka huku machozi yakimtoka.

Tangu hapo alisuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akakung'uta, akaacha kila kipande kikauke chenyewe juu ya taulo safi. Mrija unaotoka kwenye mashine hadi kikombeni hakuuosha, aliiacha mashine iwake kidogo, upepo wake uukaushe. Mara kwa mara aliloweka kikombe nusu saa kwenye maji yenye siki, nyumba nzima ikanuka kachumbari. Baba Randa naye akataka kichanja cha kuanikia. Mimi nikakata mbao uani, yeye akanikosoa kutoka dirishani, mbali na vumbi.

"Mwalimu, hiyo ni pembe au ni kiwiko?"

Kilitoka kimepinda, lakini kilitumika miaka sita, na katika miaka hiyo kifua kilimrudisha hospitali mara moja tu, ile ya mwisho. Nikizikumbuka asubuhi zile, wawili hao wakitaniana juu ya vikombe vya plastiki, naona sijawahi kukaa nyumba yenye furaha kuliko ile.

Siku hizi kila Jumatano shangazi huenda kliniki kuwaonyesha wagonjwa wapya namna ya kusafisha mashine zao. Huanza na kosa lake mwenyewe, bila kumung'unya maneno. Juzi nilimkuta na mzee mmoja aliyekuwa akisugua barakoa kwa hasira.

"Huyu anaosha kama sufuria iliyoungua," akaninong'oneza. "Lakini anasikia. Tutafika tu."